Neno Linalokaa Puani

Mwalimu alikuwa na pua kubwa. Naanza hapo kwa sababu angekuwa yeye anayeandika, hapo ndipo angeanzia, na kwa sababu marehemu baba yangu hangenisamehe kama ningeanzia kwingine. Baba alikuwa akisema kwamba Mwalimu akipanda treni hapa Sydney kwenda Liverpool, pua inashuka Liverpool wakati mwenyewe bado yuko Guildford anatafuta kadi ya nauli. Aliyasema hayo mbele ya Mwalimu, mbele ya mchungaji, na mara moja mbele ya mkaguzi wa tiketi, ambaye hakuelewa neno lakini alicheka kwa sababu sisi sote tulikuwa tunacheka.

Sijui alizaliwa lini. Makaratasi yake yalisema mosi Januari, lakini nusu ya kanisa letu imezaliwa mosi Januari, tarehe wanayopewa wakimbizi wasiojua yao, kwa hiyo hilo tuliache. Ninachojua ni kwamba alikuwa Mkongo wa kando ya Ziwa Tanganyika, kwamba kabla ya vita alifundisha Kigiriki cha kale katika chuo kidogo cha wachungaji, na kwamba tulikaa naye kambi moja ya wakimbizi Kigoma. Sisi Warundi tulitangulia kuletwa Sydney, yeye akafuata, akatukuta Merrylands, akapanga Guildford, mwendo wa miguu kutoka kwetu. Jina alikuwa nalo, tena zuri, ila hakuna aliyelitumia. Hata daktari wake alimwita Mwalimu, akidhani ndilo jina la ukoo.

Kila Jumatano jioni alitufundisha neno moja la Kigiriki katika ukumbi tuliokuwa tukiukodi. Wanafunzi wake walikuwa watu wa kuosha wazee na watu wa kupakia maboksi, na wengi tulifika tumechoka hoi. Waliosinzia hakuwaamsha. Alishusha sauti tu, akaendelea. "Neno inaingia hata kwa usingizi," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo, chenye Kifaransa ndani. "Munafikiri mutoto anajifunza namna gani?"

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa mukterizo. Limetoka kwenye mukter, tundu la pua, na maana yake ni kumkunjia mtu pua, kumdhihaki bila hata kufungua mdomo. Alitueleza kwamba Wagiriki waliweza kuuita hata mkonga wa tembo kwa neno hilo hilo la pua, na tangu jioni hiyo Baba alimwita Tembo. Akatuonyesha jinsi neno linavyozaa. Ukitia ek mbele yake, linakuwa ekmukterizo, dharau iliyotoka nje kabisa, ya waziwazi. Ukilimaliza vingine linakuwa mukterismos, dharau yenyewe, kitu ambacho mtu anaweza kukiacha chumbani akaondoka na wewe ukakikuta. Na liko umbo la kutendewa, ambalo mtume analitumia anapoonya kwamba Mungu si wa kufanyiwa hivyo. Hilo alilitamka taratibu kila mara, kama mtu anayebeba uji wa moto.

Sisi wenye Kiswahili hatukushangazwa sana. Tunayo kejeli, kebehi, bezo, dhihaka, stihizai, na mama zetu wanajua kubeua midomo hata wakiwa wamelala. Lakini Mwalimu alitaka tuone tofauti moja, na hakuchoka kuirudia. Kulikuwa na neno jingine, empaizo, ambalo ndani yake amekaa pais, yaani mtoto: kumchezea mtu.

"Askari walimuchezea Bwana," alisema. "Walimuvalisha nguo ya mufalme, walipiga magoti ya uongo. Ni mubaya, mubaya sana. Lakini walikaribia. Mikono yao ilimugusa. Donc, jioni haijafika, mukubwa wao alikiri: huyu ni Mwana wa Mungu. Wale viongozi walisimama mbali, wakakunja pua. Nani kati yao alikiri? Muniambie. Mwenye kuchezea anakaribia. Mwenye pua anakaa mbali."

Jumatano moja alitaka kila mmoja akunje pua na wengine tutazame. Tulicheka mpaka jirani wa ukumbi akaja kuchungulia. Mama yangu alikunja upande wa kushoto tu, na nikaitambua pua iliyonilea. Kisha Mwalimu akatuuliza nani amekunjiwa pua wiki hiyo. Kaka mmoja wa ghalani akasema alipasha moto dagaa wake katika chumba cha chakula, na msimamizi akakunja pua, akafungua madirisha yote, akatoka bila kusema neno. Kaka yule alikuwa bado na uchungu. Tulitegemea Mwalimu amfariji.

"Na wewe," Mwalimu akamwuliza, "wao wakipaka mukate ile kitu nyeusi yao ya chumvi?"

"Hapo nakunja mpaka macho, Mwalimu."

"Voilà. Kesho umupelekee dagaa. Na yeye akupe ile kitu. Mukule, mukunjiane pua uso kwa uso. Pole pole itakuwa mchezo."

Sijui kama kaka yule alifanya hivyo. Ninajua kwamba mimi, siku chache baadaye, nilimwonjesha kisamvu bibi mmoja ninayemhudumia kazini, akakunja pua, nikamkunjia yangu, tukacheka wote wawili.

Lakini msidhani Mwalimu mwenyewe alikuwa malaika. Nyani haoni kundule. Mtu aliyetukataza kukunja pua alikuwa akiikunja kwa chai ya vifuko, kwa mkate laini wa dukani, kwa mbwa waliovalishwa sweta, kwa Wakenya wetu wanaosema "niaje" badala ya kusalimia, na kwa kila mhubiri anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Baba alimhesabia makosa hayo kwa furaha. Nami nampenda zaidi kwa hayo, maana mtu akifundisha asiloliweza huwa anafundisha kwa bidii.

Korona ilipokuja na ukumbi ukafungwa, tukahamia kwenye simu zetu. Jumatano moja tulikuwa na mhubiri mgeni kutoka mji mwingine, kijana wa maneno mengi, akatuambia kwamba ugonjwa haugusi nyumba ya mwenye imani. Nilimwona Mwalimu katika kidirisha chake. Pua ilipanda taratibu mpaka ikajaza skrini. Kila mtu aliiona, mhubiri pia, akaanza kubabaika. Lakini aliyeshtuka kuliko wote alikuwa Mwalimu, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anautazama uso wake mwenyewe wakati unafanya jambo lile. Alizima kamera. Wiki iliyofuata, kijana akiwa amealikwa tena, Mwalimu aliomba nafasi.

"Ndugu yangu," akasema, "wiki ilipita nilikufanyia mukterizo, na ek yake mbele. Nilijiona. Unisamehe. Maneno yako ilikuwa mubaya, na leo nitakuambia kwa mudomo, sawa na mutu mukubwa."

Akamwambia, kwa upole, hatua kwa hatua, akiwataja wagonjwa wa kanisa letu na imani yao. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho. Wanasema siku hizi anahubiri vizuri zaidi, japo kwa miwani ile ile.

Barakoa hazikumpenda. Yaani kila barakoa aliyovaa iliteremka ikakaa mdomoni, na pua ikabaki nje inatazama watu. Kila kijana wa kanisa alimkumbusha, na askari wa kituo cha Merrylands alimkumbusha, naye aliipandisha kwa adabu, na kabla hajamaliza kusema asante ilikuwa imeshuka. Baba alimwambia kwamba barakoa haimtoshi, serikali ingempa shuka.

Sasa niseme habari ya Baba na Mwalimu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kilichokuwa kinamsumbua mzee huyu mwishoni.

Kambini Wakongo na Warundi hawakupikiana chai. Kila upande ulikuwa na maiti zake na hadithi zake juu ya upande wa pili. Kwenye bomba la maji ndoo zilirushwa, na siku moja Baba na Mwalimu, kila mmoja akiwa mzee wa foleni ya watu wake, walikaribia kushikana mashati. Fundi mmoja Muha, mwenyeji wa Kigoma aliyekuja kutengeneza bomba, akawauliza kwa nini wanagombana kama watu wasio na utani. Wakamwuliza utani ni nini. Akawaeleza, huku anafunga koki: kwamba yako makabila ambayo babu zao walipigana wakachoka, wakakubaliana kwamba toka hapo watatukanana kwa mdomo tu, na ni mwiko kukasirika, kwamba mtani anaweza kuingia kwako akachukua kuku, na kwamba ukifa, mtani ndiye anayekuja kukucheka kaburini, akaiga mwendo wako, akawafanya wafiwa wacheke ili wasife na wao.

Baba alimtazama Mwalimu kwa muda. Kisha akasema, "Basi wewe Mkongo, sogeza hiyo pua, inafunika bomba."

Foleni zote mbili ziliweka ndoo chini. Mwalimu akajibu kwamba angeisogeza, ila anaogopa ikimwangukia Mrundi mfupi namna hii hawatamwona tena. Mtu mmoja akacheka, halafu mwingine. Toka siku hiyo watu wawili hao walitukanana kila siku ya Mungu, nchi mbili na mabara mawili, na sikuwahi kuona urafiki kama ule. Waliapiana pia. Atakayetangulia, mwenzake atamcheka kaburini.

Wakati mji ulipofungwa mara ya pili, majira ya baridi, na mitaa yetu ikabanwa kuliko mingine, waliruhusiwa kutembea kwa ajili ya mazoezi. Walitembea, mmoja upande huu wa barabara, mwingine upande ule, wakipigiana kelele. Mama mmoja wa Kizungu alitoka kibarazani na wasiwasi. "Are you two all right?" akauliza. Mwalimu akamwonyesha Baba kwa kidole. "No, madam," akamwambia. "He is from Burundi. There is no medicine."

Baba alifariki majira hayo hayo ya baridi, kwa moyo, usingizini. Mazishini waliruhusiwa watu kumi tu. Tulipomaliza kuhesabu familia na mchungaji ilibaki nafasi moja, na waliostahili walikuwa wengi mno. Mimi na Mama tulisema ni ya Mwalimu. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuja huku akiwa mdogo, alijua mzee yule atakuja kufanya nini, na hakutaka.

"Dada, this is Dad's funeral. It's not a comedy show."

"Baba yako aliapa," Mama alimwambia. "Asipokuwepo mtani, baba yako hajazikwa, amefukiwa tu."

Mwalimu alifika na suti nyeusi. Barakoa ilikuwa imefunika pua yote, kwa mara ya kwanza. Alisimama mbali kama tulivyoagizwa mpaka mchungaji alipomaliza. Ndipo akaweka mikono nyuma, akainamisha shingo kushoto, akaanza kutembea kuelekea kaburini, na yule aliyekuwa anakuja alikuwa Baba. Ndivyo Baba alivyokuwa akitembea akipita bustani za watu wa Merrylands, akisimama kwenye kila ua kumweleza mwenye nyumba kwamba amepanda vibaya. Mwalimu akasimama ukingoni, akautazama udongo, akauchota kidogo, akatikisa kichwa kama Baba.

"Wewe Murundi," akaita. "Toka humo. Uliniapia mimi ndiyo nitatangulia, sasa umekimbia utani. Unalala kwa udongo ya watu, haujauliza hata kama imetiwa mbolea! Na hii sanduku, ni ya nani? Ni ndefu. Maisha yako yote ulikuwa mufupi, leo unataka kudanganya malaika?"

Msimamizi wa mazishi, kijana mwenye tai, alidhani mzee amelewa. Alimjia haraka akisema "Sir, sir, please." Mama akainua mkono.

"Mwacheni. Ni mtani wake. Anafanya kazi yake."

Kisha Mama akacheka. Tangu asubuhi ile ya kifo hakuwa amelia. Alikuwa anakaa tu kitini kama mzigo uliosahaulika. Alicheka mpaka akashika tumbo, na katikati ya kicheko machozi yakapata njia. Binti yangu Neema akaninong'oneza, "Are we allowed to laugh?" Nikamwambia tunaruhusiwa. Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika, na hata leo hajaniambia kama kilikuwa kicheko au kilio.

Mtani halii msibani, ni mwiko. Mwalimu hakulia. Lakini aliponipita akirudi kwenye gari, niliona barakoa yake imelowa hadi kidevuni.

Baada ya hapo nilianza kumwona akipungua. Hakuna aliyemtukana. Kanisani walimpa kiti cha mbele, vijana walimshika mkono kwenye ngazi, kila mtu alishusha sauti alipopita. Alikuwa amebaki mzee wa kuheshimiwa tu. Mwaka uliofuata mapafu na moyo vikamchosha, akahamia kwenye nyumba ya wazee upande wa Liverpool, na heshima ikamfuata huko na maua yake. Nilimkuta siku moja baada ya kundi la kanisa kuondoka.

"Wanakuja hapa na sauti ya kanisa," akaniambia. "'Mwalimu wetu, Mwalimu wetu.' Mi nasikia sawa vile nimekwisha kufa. Mama Neema, siku ile nani atanicheka? Murundi wangu hayuko. Watanizika kavu."

Nilianza kupanga maua waliyomwachia.

"Utani inarithiwa," akasema. "Ni wewe."

Mimi! Mimi niliyelelewa kumwamkia huku nimeinamisha macho, niliyeweka sahani yake mezani kwa mikono miwili. Alinisubiri. Nilijikaza, nikafungua mdomo, nikasema, "Mwalimu, pua yako kwa kweli si kubwa sana."

Alinitazama kwa huruma. Sijawahi kuona huruma kubwa kama hiyo.

Nilimweleza Mama nyumbani, na yeye hakunihurumia. "Unafikiri baba yako hakumheshimu?" akaniuliza huku anachambua mchicha. "Utani ni heshima iliyovua viatu. Mtu amelala pale, wote mnasimama mlangoni mmevaa viatu. Nenda ukakae karibu naye."

Basi nikarudi. Nilipimwa Korona mapokezini, kijiti kikanichokonoa pua hadi machozi, nikapewa barakoa, nikaingia. Alikuwa amepungua zaidi. Walikuwa wamemwekea mrija wa hewa wenye ncha mbili zilizoingia puani, na macho alikuwa ameyafumba. Kwenye kiti cha mgeni kulikuwa na nafasi, lakini nilikumbuka askari na viongozi, nani alikaribia na nani alisimama mbali, nikaketi kitandani, ubavuni pake, jambo ambalo katika maisha yangu yote sikuwahi kulifanya.

"Wewe Mkongo," nikasema.

Jicho moja likafunguka.

"Nimepita vyumba vyote huko nje. Wazee wenzako wanalalamika, hewa imekwisha nyumba nzima. Wauguzi wanahangaika, hawajui imekwenda wapi. Nikawaambia, jamani, mlimpokea Tembo, mkampa na mabomba mawili, mlitegemea nini?"

Jicho lile likafumba tena. Niliogopa. Kisha kifua kikaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, kidogo kwanza, halafu chote, mpaka mrija ukachomoka na muuguzi akaja mbio. Mwalimu alimpungia mkono aende zake. Alipopata pumzi alinishika kiganja.

"Baba yako alikuwa anasema muzuri kuliko wewe," akasema. "Wewe utani yako ni baridi, sawa chai ya vifuko. Lakini utajifunza."

"Nitajifunza, Mwalimu."

"Usiniite Mwalimu. Niite vile baba yako alikuwa ananiita."

"Nitajifunza, Tembo."

Akafumba macho, akiwa bado anatabasamu. Nilidhani amelala, nikaanza kunyanyuka, naye akanivuta kiganja.

"Na siku ile usilie," akasema. "Mutani halii."

"Silii."

"Muongo. Hata kusema uongo Murundi hawezi."

Nilimrudishia mrija wake vizuri, nikamfunika miguu, nikamuaga kwa kumwambia nikirudi nisikute amekula hewa ya jirani. Nilipita mapokezini nikawaaga, nikavuka barabara hadi kwenye gari. Nilipojitazama kwenye kioo, barakoa yangu ilikuwa imelowa hadi kidevuni.